Ndani ya Handaki la Mababu

Nikichimba shimo la mgomba, harufu ya udongo mbichi hunirudisha nyuma. Naiona tena ile kambi ya likizo ya historia na mazingira, wanafunzi tukitambaa ndani ya handaki walimojificha mababu zetu wakati wa vita.

“Zimeni tochi,” mwalimu akasema.

Sikuona hata mkono wangu.

“Mwalimu, mtoto mchanga akilia ilikuwaje?” nikauliza.

“Mama yake alimziba mdomo, adui asisikie.”

Msichana wa nyuma yangu akacheka. “We dada, unatetemeka mpaka udongo unaniangukia!”

Niliwaza wadogo zangu niliowaacha kwa jirani. Baba na mama hatukuwa nao tena. Handaki likiporomoka, watabaki na nani? Nikageuka, nikawapita wenzangu nikitambaa mpaka nje. Nilikwenda kwa wadogo zangu, nikashika jembe niwalee; sikurudi kambini, wala shuleni.