Mfunga mizigo aliyeifuta furaha ya Xiaobei

Robota la nne halitaki kufungika. Chausiku Mwinyimkuu amelikandamiza kwa goti la kushoto, anavuta kamba kwa mikono miwili, na selotepu ameibana kwa meno. Ni saa nne asubuhi katika ghorofa ya saba ya jengo moja la Huanshi Zhonglu, mtaani Xiaobei, na lori la bandarini huondoka saa sita kamili, liwe limejaa au halijajaa.

"Suruali za watoto hizi zina ubishi kuliko watoto wenyewe," anasema akishaitoa selotepu mdomoni. Kisha anachukua makapeni nyeusi na kuandika jina la mwenye mzigo pande zote nne, kwa herufi kubwa, ili wapakuzi wa Dar es Salaam wasipate kisingizio.

Chausiku ana miaka arobaini na tatu. Ni mzaliwa wa Mbagala, na huu ni mwaka wake wa kumi na moja Guangzhou, China. Bosi wake ni Mwadini Haji, Mzanzibari mwenye ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo, mtu wa mzaha ambaye sauti yake hutoka kwenye lifti kabla yake mwenyewe.

Kwa mwezi Chausiku analipwa yuan 6,500. Kodi ya chumba inakula 2,200, na sehemu kubwa ya zinazobaki inakwenda Mbagala kwa mama yake na wanawe wawili wanaosoma.

Lakini si marobota yaliyoifanya idara ya saikolojia ya chuo kimoja cha jijini hapa ibadilishe jarida lake la mwisho wa mwaka siku chache kabla ya kuchapwa. Ni kazi yake nyingine, ile ya mchana wa Jumatano na Jumamosi.

Machi mwaka huu idara hiyo ilikodi chumba ghorofa mbili juu ya ofisi ya Mwadini. Wakatandika zulia, wakaweka meza, birika la chai na viti vinne. Mfanyabiashara yeyote wa Kiafrika aliyeelemewa, awe amedhulumiwa mzigo, amekosa usingizi au amewakumbuka wa kwao, angeweza kuvua viatu mlangoni, akaingia na kuzungumza na wataalamu bila kulipa chochote.

Wataalamu wenyewe Kiswahili hawakijui. Wakamtafuta mkalimani, na mtaa mzima ukawaelekeza kwa Chausiku. Wakakubaliana posho ya yuan 150 kwa siku.

"Kichina changu nimekiokota sokoni Zhanxi, kwenye viatu," anasema. "Kugombana na laoban mwenye duka kwamba soli imebanduka, hilo naliweza hata usingizini. Maneno ya huzuni ndiyo ilibidi nianze kujifunza upya."

Kila aliyeingia aliulizwa swali moja kabla ya yote: kutoka sifuri hadi kumi, umeelemewa kiasi gani? Mwanafunzi wa chuo aliandika jibu kwenye fomu. Aliyetaja nne au zaidi alipangiwa siku ya kurudi kuzungumza kwa kirefu. Aliyetaja chini ya hapo alipewa chai, akashukuriwa, akaenda zake.

Hadi mwisho wa Novemba watu 214 walikuwa wamejibu. Wastani wao ulikuwa 1.8.

Desemba 4, Chausiku akiwa kwenye foleni ya tambi, simu yake iliita. Idara ilikuwa imemtumia rasimu ya jarida kwa WeChat, atafsiri kipande kimoja kwa Kiswahili ili kibandikwe mlangoni. Akaanza kusoma. Profesa fulani anastaafu. Wanafunzi watatu wameshinda tuzo. Maabara mpya ya usingizi imefunguliwa. Habari ya sita ndiyo iliyokuwa yake.

"Chumba cha Xiaobei kimekamilisha kazi yake," ilisema. "Wafanyabiashara wa Kiafrika wameonekana kuwa na utulivu wa moyo kuliko hata wanafunzi wetu. Huduma itafungwa Desemba 31."

"Nilitoka kwenye foleni bila tambi," anasema Chausiku. "Nilijua si kweli. Na hayo yasiyo ya kweli nimeyatafsiri mimi, neno kwa neno, bila kukosea hata moja."

Hakuna aliyekuwa amekusudia kudanganya. Wanaopanda kwenye chumba kile wanatoka Zhanxi na Zhanqian, ambako kutwa kucha wanapatana bei. Mtu wa kazi hiyo hataji namba yake ya kweli mara ya kwanza, labda awe anataka kufilisika. Muulize namba yoyote, naye ataanzia chini, kisha atakutazama usoni aone utasema nini.

Wale wa chuo hawakusema kitu. Waliandika.

Chausiku alianza kuliona hilo Juni, siku alipokuja Séverin Kasongo, mnunuzi wa viatu kutoka Lubumbashi. Séverin alitaja mbili, akanywa chai, akashukuriwa. Alipoinama mlangoni kufunga kamba za viatu, alimnong'oneza Chausiku kwamba tangu Pasaka hajapata usingizi na anaogopa kubaki peke yake. Chausiku aligeuka nyuma. Mwanafunzi alikuwa ameshafunga faili.

Septemba, ndugu yake Séverin ilibidi asafiri kuja kumchukua. Séverin alikuwa amejifungia siku tano katika chumba cha hoteli, hali chakula, simu hapokei.

Leo Séverin yuko kwao, anatibiwa na anaendelea vizuri. Ameruhusu jina lake litumike, na kwa simu anaeleza bila kinyongo. "Ile siku niliona ule mwanafunzi na kalamu. Mutu ya kalamu, on négocie, haumupe bei ya mwisho! Nilisema mbili, nikangoja aseme, 'Hapana, papa, ongeza kidogo.' Hakusema. Alisema merci."

Kuhusu sehemu yake katika jambo hilo, Chausiku hamumunyi maneno. "Nilinyamaza. Nilijiambia hawa ni wasomi, mimi nafunga mizigo, nitawafundisha nini? Hata Septemba, baada ya Séverin, nilinyamaza kwa aibu. Linaniuma mpaka leo, wala sitaki liache kuniuma."

Mara hii, baada ya kuisoma rasimu, alipiga moyo konde. Kesho yake alimpigia Profesa Liang, mama wa miaka hamsini na miwili anayesimamia mradi huo, akamwomba wakutane Zhanxi. Hakumwambia kwa nini.

Profesa Liang hununua kila kitu kwa simu, bei ikiwa imeshaandikwa. Katikati ya mikokoteni na maboksi alisimama kando, mkoba ameukumbatia, huku Chausiku akichagua jozi ya raba za mtoto. Mwenye kibanda alitaja yuan 85. Chausiku akataja 30.

"Meiyou! Meiyou!" mwenye kibanda alipiga kelele, kwamba bei hiyo haipo, akajishika kichwa kama aliyepigwa. Kikokotoo cha kuonyeshana bei kikaenda na kurudi. Chausiku akarudisha raba mezani, akaondoka, akapita vibanda vitatu bila kugeuka. Akaitwa. Wakamalizana kwa 48, na mwenye kibanda akamtakia mtoto maisha marefu.

"Laoshi," Chausiku alimwambia profesa, akimwita kama wanafunzi wanavyomwita mwalimu wao, "ile thelathini ndiyo niliyokuwa nayo moyoni?"

"Hapana," profesa alijibu huku akicheka.

"Basi wewe mwaka mzima umeandika thelathini."

Profesa Liang anasema kicheko kilimkatikia hapo hapo. Alikuwa ameshaandika makala kuhusu matokeo yale, na ilikuwa imekubaliwa kuchapishwa. "Kwanza nilimkasirikia," anasema, Chausiku akitafsiri huku akitabasamu. "Nilimwambia namba ni namba. Nikapanda treni ya chini ya ardhi bila kumuaga. Kituo cha nne nikashuka, nikampigia."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku chache kabla ya mkutano wa kufunga mwaka wa idara. Kamati ya chuo iliridhia utaratibu mpya walioupanga wawili hao. Swali liulizwe mara mbili, na mtu aambiwe tangu mwanzo kwamba litarudi. Mara ya kwanza mezani, mbele ya kalamu. Mara ya pili chai ikiwa imeshanyweka, kalamu imewekwa kando, na mgeni amesimama mlangoni anavaa viatu.

Kupata watu haikuwa rahisi. Wengi walikuwa wameshapanda ndege na bidhaa za Krismasi. Chausiku alipita ofisi kwa ofisi, akawabembeleza wenye maduka ya chakula, akawavizia wateja mbele ya mzani. Uzuri wa kufunga mizigo ni kwamba hakuna asiyekujua. Akawapata thelathini na mmoja.

Mezani, wastani ulikuwa alama mbili. Mlangoni ukawa 6.7.

Yule wa thelathini na moja alikuwa Mwadini mwenyewe. Alipanda kujaza hesabu tu, kumsaidia mfanyakazi wake. "Andikeni sifuri," alisema kabla hajaketi. "Mimi na shida hatujuani." Alikunywa vikombe viwili vya chai na kumsimulia mwanafunzi visa vya bandarini mpaka kijana wa watu akawa hana mbavu.

Mlangoni, kiatu kimoja kikiwa mguuni, aliulizwa tena. Mwadini alikiweka chini kiatu cha pili. Kisha akajishusha taratibu, akakaa juu ya zulia.

"Tisa," alisema.

Mama yake alifariki Makunduchi mwezi Machi. Makontena mawili yalikuwa yamezuiwa wiki hiyo, mizigo ya watu arobaini, na yeye hakwenda kuzika. Ofisini alisema macho yake ni mekundu kwa mafua.

"Liandike jina langu, mwanangu," Mwadini anamwambia mwandishi wa habari hii, safari hii kwa sauti ya kawaida. "Nimejikaza kisabuni miezi tisa. Wateja wanataka mtu wa kucheka, nami nikawachekea. Nikirudi nyumbani nakaa na kiatu mkononi, sijui hata nakivua au nakivaa."

Chausiku anasema siku hiyo alilia mbele ya mwanafunzi na hakuona haya. "Miaka tisa nakula naye sahani moja mchana. Ningeapa kwamba hana neno. Kama chumba kingefungwa, nisingejua mpaka leo."

Mkutano ulifanyika Desemba 23. Kila mradi ulipewa dakika kumi. Profesa Liang alitumia tatu kusoma namba za zamani, nne kusoma mpya, na zilizobaki kuomba kwamba majibu yote 214 ya mwaka huu yaondolewe kwenye kumbukumbu za matokeo. Makala yake alikuwa ameshaiondoa siku mbili kabla. Hayo si maneno ambayo watu wa vyuo huyasema kwa hiari wakati wa kufunga mwaka.

Mkuu wa idara alimgeukia Chausiku, aliyekuwa ameketi safu ya nyuma na koti la kazini. Akamuuliza kwa nini mkalimani hakusema mapema.

"Kwa sababu nilidhani nyinyi ndio mnaojua," Chausiku alijibu.

Mkuu wa idara alipitisha uamuzi. Chumba kikapewa miezi sita, hadi mwisho wa Juni, kisha kitaangaliwa upya. Ndiyo kusema hakijapona, kimeongezewa muda tu, na Chausiku anaijua vizuri tofauti hiyo.

Jarida lilitoka juma lililofuata. Profesa anayestaafu yumo, tuzo zimo, maabara ya usingizi imo. Habari ya sita imefupishwa: "Matokeo ya Xiaobei ya mwaka huu yameondolewa. Tuliuliza vibaya. Chumba kitaendelea." Chausiku aliitafsiri na kuibandika mlangoni.

"Niliisoma mara tatu kabla ya kutafsiri," anasema. "Nilihofia Kichina changu cha viatu kimenidanganya."

Kati ya wale thelathini na mmoja, ishirini na sita wameshapangiwa siku za kurudi. Mwadini ni wa Jumatano. Brigitte, mnunuzi wa vitambaa kutoka Bukavu, amekubali kufundishwa ukalimani kwa ajili ya Wakongo wanaopenda kuchanganya Kifaransa. Séverin ameomba namba ya simu ya chumba, anasema akipata nafuu kamili atarudi Aprili kununua viatu.

Na kuna benchi. Ni la mbao, la watu wawili, na lilifika juzi. Liko ndani ya chumba, ubavuni mwa mlango, pale viatu vinapovuliwa, kwa sababu Chausiku amechoka kuona watu wazima wakisema mambo mazito huku wameinama. Idara ilitaka kulinunua kwa fedha za mradi. Alikataa.

"Nimelinunua mimi, yuan 120, na risiti ina jina langu," anasema, akilivuta robota la tano kuelekea kwenye mzani. "Sikutaka liandikwe mali ya chuo. Juni wakisema basi, nalibeba kichwani, nashuka nalo ghorofa mbili, naliweka hapa ofisini. Mwadini ameshanionyesha pa kuliweka."