Majina Katika Unga wa Ozella

Mama mkubwa Ozella Tarpley alipikia watoto wa shule miaka thelathini na mmoja hapa kwetu Alabama, na hakuna aliyewahi kumwona akipima unga. Mkono wake ndio kipimo. Ninalisema hili mapema kwa sababu binamu yetu Lamont ni mtu wa vipimo, na wawili hao walipokutana Agosti iliyopita, ilibaki kidogo ukoo wetu upasuke.

Ukoo unaanzia kwa Silvy, aliyezaliwa utumwani. Kila Agosti tunakutana kwenye uwanja wa kanisa, tunakula mpaka mikanda ilegezwe, kisha majina ya watoto wa Silvy yanasomwa. Mtoto akitajwa, uzao wake unasimama. Wa Anderson wanasimama, halafu sisi wa Keziah tunasimama. Mimi nimesimama tangu nilipokuwa nikibebwa mgongoni.

Lamont ni wa Anderson, mhandisi mstaafu wa Atlanta. Alikuwa amekaa miaka miwili na makaratasi: sensa, vyeti vya vifo, hati za mahakama ya wilaya. Alhamisi kabla ya mkutano alifika na mchoro wa ukoo mrefu kama shuka, akautandaza mezani kwa Ozella. Jiwe jipya la kaburi la Silvy lingechongwa Jumatatu kufuata mchoro ule. Chini ya Silvy alikuwapo Anderson peke yake. Keziah alikuwa kando, amezungushiwa nukta nukta, na maneno haya: "Mtoto wa kulelewa. Wazazi hawajulikani."

"Shangazi, usinielewe vibaya," alisema Lamont. "Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika watu wetu kwa majina. Silvy yumo. Anderson yumo. Keziah hayumo."

"Alikuwa hajapatikana bado."

"Nani kasema?"

"Bibi Lutie. Na Keziah ndiye aliyemzaa Bibi Lutie, kwa hiyo nadhani alimjua kukushinda wewe."

Lamont akacheka, akaweka kinasa sauti mezani. "Haya, nisimulie mwanzo mpaka mwisho. Nikipata uzi nitaufuata, nakuahidi."

Ozella akafunga mikono mapajani kama mtu aliye mbele ya hakimu. Akaanza vizuri: Silvy alitoka Carolina baada ya uhuru wa watumwa, kwa miguu, na chungu cha chuma kichwani, akiwatafuta watoto wake waliouzwa. Hapo akakwama. Akarukia kwa Bibi Lutie, akarudi, akachanganya miaka. Lamont alizima kile kidude taratibu.

"Ni umri tu, Shangazi. Hakuna aibu."

Angemfokea ningevumilia. Huruma ile ndiyo iliyonichoma, na nakiri kwamba nilitamani kumwaga jagi la chai juu ya mchoro wake.

Alipoondoka, Ozella alikaa palepale. "Jumamosi likisomwa jina la Anderson peke yake," akasema, "sisi tutabaki chini na sahani zetu mapajani, kama wageni walioalikwa. Bibi Lutie alinishika mikono yote miwili akaniambia nisimwache Keziah. Nimemwacha leo, mbele ya kidude chenye taa nyekundu." Nikaosha vyombo.

Asubuhi nilimsikia jikoni akinong'ona. Alikuwa akikanda biskuti za kwetu, zile laini za maziwa mgando zinazoliwa na mchuzi. Katika nyumba yetu wanawake hufundishwa ukoo hapo kwenye donge: kunja mara moja, sema mstari mmoja. Hakuna aliyewahi kumfundisha Ozella majina akiwa amekaa kitini, mikono mitupu. Sote tulilijua hilo, na hakuna aliyelikumbuka jana yake.

"Silvy katoka Carolina na chungu kichwani." Akakunja. "Kampata Anderson, Keziah hamwoni." Akakunja. "Kaandikisha barua, barua ikasomwa Beulah." Akakunja. "Keziah akasimama."

"Mama mkubwa, hebu rudia hapo pa barua."

"Nikikanda zaidi zitakuwa mawe. Mpigie simu yule bwana makaratasi."

Beulah ni kanisa dogo ng'ambo ya mto, wilaya nyingine; zamani barua za kutafuta jamaa waliouzwa zilisomwa makanisani, na siku ileile tulikwenda huko sote watatu. Vitabu vyake vya zamani viko nyumbani kwa katibu, Bi Theodora Pruitt, ambaye haonyeshi kitabu kwa mtu ambaye hajala. Lamont alimaliza vipande viwili vya pai ya pichi bila kuondoa macho kwenye kasha la vitabu. Hatimaye kitabu kikatoka, kimefungwa kwa foronya. Lamont alikifungua kwa ncha za vidole, akaanzia mwaka 1870, akafunua, akafunua. Kwenye 1874 akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, ndipo akasoma kwa sauti:

"Jumapili ya pili ya Mei. Imesomwa barua ya Silvy Tarpley, wa ng'ambo ya mto, anayemtafuta binti yake Keziah, aliyeuzwa akiwa na miaka saba, mwenye kovu la moto mkono wa kushoto. Dada Keziah wa kanisa hili alisimama akainua mkono wake. Hakukuwa na mahubiri siku hiyo."

Sensa haikudanganya, wala Bibi Lutie hakudanganya. Miaka minne tu ndiyo iliyowatenganisha.

"Nimezunguka mahakama tatu, Shangazi," Lamont alimwambia Ozella. "Sikuuliza kanisani."

"Na umekulia kwenye benchi la kanisa, mwanangu. Mahakama ilituandikia furaha lini?" Kisha akamsogezea kitambaa, maana machozi yalikuwa yanaelekea kitabuni.

Jumamosi tulikuwa watu zaidi ya mia mbili. Lamont alipanda jukwaani na hotuba ya kurasa nane, kazi ya miaka yake miwili. Akamtaja Silvy. Akamtaja Anderson, na uzao wa Anderson ukasimama, yeye akiwa mbele yao.

"Keziah," akasema, "binti wa Silvy."

Goti la Ozella ni bovu, na siku zote huwa wa mwisho kuinuka. Siku hiyo alitutangulia sote. Alisimama peke yake katikati ya viti, akainua mkono wa kushoto juu kabisa, na ndipo sisi tukasimama nyuma yake, vitoto, wajukuu, na mimi ninayeandika haya, tumeinua mikono. Sijawahi kujivunia watu wangu kama pale.

Lamont alitutazama. Kisha akazikunja kurasa zake nane, akazitia mfukoni, akashuka, na hotuba haikusomwa.