Kiti Kisicho na Kitambaa

Igoki Runji, karani wa mahakama mjini Embu, aliishi na viti vya kahawia miaka mingi kabla ya kumwagiza fundi amtengenezee sofa nyekundu, nyekundu kweli. Shida ilikuwa mama mkwe wake, Rwamba, ambaye huwafumia wake wa wanawe wote vitambaa vyeupe vya kufunika viti. Kuvikataa ni kumkataa yeye. Kuvitandika ni kuizika rangi.

Rwamba alipofika kutoka Kianjokoma, alisimama mlangoni.

"Igoki, umechinjia mbuzi sebuleni?"

"Ni rangi tu, Mama."

Rwamba alifungua mkoba, akatandika kiti baada ya kiti. Vitambaa vilifumwa kwa hesabu ya viti vya zamani, kwa hivyo kiti cha karibu na dirisha kikabaki wazi. Rwamba akakikalia hicho hicho, akakipapasa, akanywa chai yake yote hapo.

"Hiki nitakifumia chake," alisema akiondoka.

Huu ni mwaka wa tatu. Kila akija huketi pale pale, na husema uzi mweupe umeadimika Kianjokoma. Igoki hajajitolea kumnunulia mjini.