Vigingi Vitano Kwenye Njia ya Baiskeli

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamba ndefu, nyundo, gunia la vigingi na pima-maji, yaani kile kibao chenye kichupa cha maji kinachoonyesha kama kitu kimelala sawa au kimeinama. Nilikuwa nimerudi kutoka Karagwe, Tanzania, nilikojifunzia kazi ya barabara, na kati ya vibarua wote waliokusanyika asubuhi ile hakuna mwingine aliyejua kukisoma kile kichupa. Mhandisi wa mradi alinitazama nikikitumia, akanifanya kapita, yaani msimamizi wa vibarua, papo hapo. Nilivimba kichwa, na uvimbe huo haukushuka kwa miaka mingi.

Ninyi vijana mnaotunza njia hizi leo mmeniomba niandike jinsi tulivyozitengeneza. Nitaandika, ila anayetaka sifa tupu amtafute mzee mwingine. Nusu ya kazi yangu niliifanya kwa wivu, na ile sehemu iliyowasumbua miaka hii yote niliiharibu mimi mwenyewe.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa msitu wa mikaratusi juu ya Cyanzarwe. Mradi ulitaka njia ya changarawe itakayopita msituni na kushuka bonde la mto Sebeya hadi karibu na ziwa, baiskeli zipite bila kukutana na gari hata moja. Njia ya namna hii si barabara iliyopunguzwa upana. Gari hupanda kwa injini, lakini mwendesha baiskeli hupanda kwa magoti yake, kwa hiyo njia lazima iuzunguke mlima taratibu, na penye kona maji yapewe pa kutokea. Uso wa njia tunaupa mgongo, katikati pakiwa juu kidogo kuliko kando. Kisha tunamwaga changarawe nyeusi ya mawe ya volkano na kuishindilia ingali na unyevu, maana ukiishindilia kavu itakimbia chini ya magurudumu. Kwenye miingilio tuliweka mawe makubwa mawili ili gari lisipite. Pikipiki tulizikataza kwa mdomo, nazo zilitusikia siku zilizotaka.

Vestine aliletwa kubeba mawe. Kabla ya hapo alikuwa akibeba mizigo ya wafanyabiashara kichwani pale Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpaka wa Rwanda na Kongo, akivuka kwenda Goma na kurudi mara kadhaa kwa siku. Wiki ya pili alisimama kwenye mstari wa vigingi vyangu, akauangalia mlima, akatikisa kichwa.

"Papa Josiane," aliniambia, akiniita kwa jina la binti yangu wa kwanza, "apa njia iko inapanda sana. Mutu wa kinga atashuka asukume."

Kinga ndiyo baiskeli kwa Kiswahili cha huku. Nilimwonyesha pima-maji.

"Mi sijue kusoma ile chupa yako," alisema. "Lakini shingo yangu iko inajua."

Alikwenda kijitoni akajaza beseni hadi ukingoni, akaliweka kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba, akaanza kupanda. Alikuwa hatazami chini. Mguu ulipotaka kupanda zaidi ya shingo ilivyokubali, maji yalimwagika, naye aligeuka pale pale na kwenda upande mwingine wa mlima. Kazi yangu ilikuwa kumfuata na kupiga kigingi kila alipokanyaga. Na yale maji yaliyomwagika hakuyapuuza. Aliporudi aliangalia yalikoelekea, akasema hapo ndipo uchimbwe mtaro, kwa kuwa mvua nayo ingefuata njia ileile. Tulipofyeka na kulima mstari wake, baiskeli ya majaribio ilipanda hadi juu na mpandaji hakunyanyuka kitini. Kwenye mstari wangu alishuka mara mbili.

Mhandisi alikuwa mtu wa Bukavu, mwenye maneno machache na Kifaransa kingi. Aliniita mbele ya wote.

"Bon, Faustin. Huyu mama iko na njia muzuri kupita yako. Donc ile kona kubwa ya kushukia Sebeya ataipima yeye. Kama itavumilia mvua ya kwanza, yeye atakuwa shefu wa njia kule bondeni."

"Na mimi, shefu?"

"We utapiga vigingi."

Vibarua hawakucheka, na afadhali wangecheka. Niliona wivu ulionikosesha chakula. Mke wangu aliniuliza kama nina malaria. Nilimchukia Vestine kwa shingo yake, nikalichukia hata beseni, ambalo lilikuwa la plastiki ya bluu na lenye ufa ulioshonwa kwa waya. Nilijiambia kwamba mtu asiyekwenda shule hawezi kunizidi kwa kubeba maji. Lakini nilijua amenizidi, maana mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake nikipiga vigingi, na kila kigingi kilikaa mahali ambapo mimi nisingepafikiria.

Aliipima kona ya Sebeya siku mbili. Siku ya tatu Mhandisi alimtuma Rubona, kule ziwani, akatazame sehemu ya mwisho, akaniachia mimi timu ya kuchimba. Mchana, watu walipokwenda kula viazi vyao, niling'oa vigingi vitano vya katikati ya kona, nikapiga vingine vya kwangu kwenye mstari uliokata moja kwa moja. Kona ikanyooka. Vile vitano vyake nilivitia ndani ya koti. Vijana walirudi, wakachimba nilipowaonyesha, na hadi jioni ya siku iliyofuata changarawe ilikuwa imemwagwa na kushindiliwa.

Vestine aliporudi alitembea pale mara moja tu, bila beseni. Alifika katikati, akasimama, akanitazama. Nilijifanya nafunga kamba. Aliendelea na safari yake hadi chini.

Mvua ya kwanza ilishuka kwenye ule mnyooko, ikabeba changarawe yote na kuchimba korongo la kufika kiunoni. Mhandisi alikasirika hata akasahau Kifaransa. Alimuuliza Vestine kama hiyo ndiyo kona aliyoipima, naye akajibu, "Kama iko mubaya, iko mubaya, shefu." Akarudishwa kubeba mawe. Tulipanga mawe pale kama ngazi ili maji yasichimbe tena, na tangu siku hiyo kila mwendesha baiskeli hushuka na kusukuma. Baada ya mwezi Vestine aliacha kazi. Mimi nikawa shefu wa njia bondeni, kisha Rubona, kisha msimamizi wa matengenezo wa njia nzima, hadi nilipostaafu na kupewa cheti na saa ya ukutani.

Mngefikiri niliridhika. Sikuridhika. Asubuhi moja baada ya kustaafu nilitembea hadi kwenye zile ngazi, nikakuta mmoja wenu akiongoza wageni. Wote walikuwa wameshuka kwenye baiskeli zao, wanasukuma kwa adabu.

"Hapa panaitwa Kwa Vestine," kijana aliwaambia. "Kulikuwa na mama aliyeipima njia hii akiwa na beseni la maji kichwani. Kwa hiyo sisi hapa hatupandi baiskeli. Tunapita kwa miguu kama alivyopita yeye, kwa heshima."

Wageni wakapiga picha. Nilikaa kwenye jiwe nikiwatazama. Nimetengeneza njia ya kutoka msituni hadi ziwani, na hakuna hata hatua moja inayoitwa kwa jina langu. Yeye amepewa mahali, tena ni kosa langu walilompa.

Nilikwenda Rubona, ambako siku hizi Vestine anauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, karibu na mitumbwi. Sikwenda kwa toba, nisiwadanganye. Nilikwenda kwa sababu nilitaka ajue kwamba pale mahali ni pangu. Nilimwambia habari ya vigingi vitano.

Aliendelea kugeuza samaki wake juani. "Nilijua tangu ile siku, Papa Josiane. Mi nilipita pale na maji, haikumwagika. Nikirudi, magoti ikauma."

"Kwa nini hukumwambia Mhandisi?"

"Angekufukuza. We ulikuwa na watoto watano na kazi moja. Mi nilikuwa na bariera ya kurudia." Kisha alinitazama, na nikaona anakaribia kucheka. "Sasa unataka waite Kwa Faustin? Wende uwaambie. Lakini uwaambie yote."

Ndiyo maana Jumamosi ile ya umuganda, siku ya kazi ya pamoja, mliniona nimesimama mbele yenu nikiwaambia yote, na wengine mkatazama chini kwa aibu yangu. Niliomba tuichimbe kona ya zamani. Mlikubali, mkamwita Vestine aipime upya. Alikuja na beseni lilelile la bluu, akalijaza, kisha akaliweka kichwani kwangu.

"Mi nimezeeka," alisema. "Leo maji utabeba we. Anza na njia yako."

Nilipanda kwenye mnyooko wangu kwa mara ya kwanza nikiwa na mzigo. Kwenye jiwe la tatu maji yalinimwagikia usoni, shingoni, hadi kifuani. Hakuna aliyecheka. Vestine alinipokea beseni, akalijaza tena na kulibeba mwenyewe, uzee wote ule aliousingizia, akaingia kwenye majani ambako hakukuwa na alama yoyote. Alizunguka mlima polepole hadi juu, na halikumwagika tone.

Nilimfuata nikiwa nimelowa, nikitoa ndani ya koti vile vigingi vyake vitano, nilivyovificha nyumbani miaka yote, na kuvipiga kimoja kimoja alipokanyaga. Nilimwonea wivu hadi kigingi cha mwisho.