Bwana Aliyekuja Kutueleza Haki Zetu

Nimewahi kuwadharau watu wengi, lakini yule bwana aliyeletwa mgodini kutueleza haki zetu ana kiti chake peke yake moyoni mwangu.

Vita vilikuwa vimekwisha. Sisi askari tuliorudi kutoka Burma tulitawanyika, na baadhi yetu tukaangukia kwenye mgodi wa dhahabu karibu na Mkwajuni. Mimi nilisukuma vitoroli vya mawe. Rafiki yangu, Mndali wa milima ya Ileje, aliwekwa kwenye kinu cha kupondea mawe. Bomu lilimwangukia karibu kule msituni, likamwacha mzima ila masikio. Meneja aliposikia kwamba ni kiziwi alifurahi kama aliyeokota mbuzi, maana kinu kile kilikuwa kikinguruma hata watu wenye masikio mazima wakikimbia kazi. "Huyu Mungu amenichagulia," alisema.

Siku hiyo tuliitwa wakati wa chakula. Bwana, Mzungu wa serikali, alishuka garini, uso mwekundu kwa vumbi na jua, akifuatana na mkalimani aliyepaka nywele mafuta, ambaye vita aliviona pichani tu. Tukapangwa mstari kama gwaride, tumbo tupu, kando ya kinu. Kinu hakikuzimwa. Meneja alisema kukizima ni hasara.

Basi bwana akahutubia, na mkalimani akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Tuliambulia maneno vipande vipande. Serikali haijatusahau. Kuna shule ya ufundi kwa askari wa zamani. Kuna hospitali kwa aliyeumia vitani, bila malipo. Anayetaka amwone mwajiri wake. Mwajiri mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, akitazama saa.

Rafiki yangu alinigusa bega, akanyoosha kidevu kuuliza: anasema nini? Nikainua mkono.

"Bwana, huyu mwenzangu masikio yake yaliharibiwa na bomu. Hiyo hospitali anaingiaje?"

Mkalimani akanikata. "Aulize mwenyewe. Ana mdomo."

"Hasikii, bwana. Hajui hata mnazungumza nini."

Mkalimani akageuka, akamweleza bwana wake kwa Kiingereza. Bwana akatikisa kichwa kwa huruma, kama padri, akajibu. Mkalimani akatafsiri bila kutabasamu: "Bwana anasema, mwambie mwenzako asikilize kwa makini."

Hakuna aliyecheka. Kuna upumbavu mkubwa mno, hata kicheko hakiufikii. Gari likageuzwa, likaondoka.

Jioni nilikwenda kwa meneja kumwombea rafiki yangu ruhusa ya kwenda hospitali. Sikukaribishwa kuketi. "Mikono yake ni mizima," alisema. "Masikio ya nini kinuni? Akiondoka, kipande chake cha kazi nachana. Na wewe ukimsindikiza, chako pia."

Nilimtazama yule mtu, na shingo yake iliyoungua kwa jua, nikaona kwamba nilikuwa namwogopa bure. Kulipokucha tulipanda lori la tumbaku, mimi na Mndali, tukaenda Mbeya.

Hospitalini tulipokewa na daktari Mhindi, mzee mkavu, mwenye haraka. Alimulika masikio ya rafiki yangu, akaanza kuchokoa. Ikatoka nta nyeusi, usaha, na vumbi la mawe lililoganda kama udongo wa chungu. Sikio moja, alisema, limekufa. La pili linaponyeka, likioshwa kila siku kwa wiki kadhaa.

"Mbona mmechelewa?" akaniuliza kwa ukali. "Askari wa zamani wanatibiwa hapa tangu mliporudi. Nani aliwakataza?"

"Hakuna aliyetukataza, daktari. Hakuna aliyetuambia mpaka juzi."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana, kisha akaendelea kuosha.

Sikio lilipoanza kufunguka, mke wa rafiki yangu aliletwa na ndugu kutoka Ileje, pamoja na binti yao aliyezaliwa wakati baba yuko vitani. Nilikuwapo mtoto aliposimama kando ya kitanda na kumwamkia baba yake. Rafiki yangu alimgeukia polepole, akamwambia aamkie tena. Yule mtoto alikuwa na sauti nzito, ya kukwaruza, isiyofanana na umbo lake.

"Kumbe ana sauti ya mama yangu," alisema. "Na hakuna aliyeniambia." Akajifunika uso kwa shuka.

Mgodini hatukurudi. Vipande vyetu vilikwisha kuchanwa, na sikuona sababu ya kwenda kutazama mabaki. Mimi nilirudi Chapwa kulima mahindi. Yeye akapanda kwao milimani.

Mwaka uliofuata nilikutana Tunduma na mmoja wa wale tuliopangwa naye mstari. Akaniambia bwana alikuja tena, akahutubia tena, kinu kikinguruma vile vile. Safari hii alikuwa na mfano. Askari mmoja wa zamani wa mgodi huu, alisema, alikuwa kiziwi na sasa anasikia, kwa juhudi za ofisi yake na kwa wema wa meneja. Bwana na meneja wakapeana mikono mbele ya watu.

Nilipofika Ileje kumsalimia rafiki yangu, nilimsimulia tukiwa shambani kwake. Aliacha jembe, akaniomba nirudie. Alikuwa amesikia vizuri. Alitaka tu kuwa na hakika kwamba mtu mzima, aliyezaliwa na mwanamke, anaweza kukosa haya kiasi hicho.

Nikarudia. Akatema mate, tukaendelea kulima.