Goti Langu na Msumeno wa Mnyororo

Mimi ni Laurenti wa Kagondo, na leo nimekuja hapa mbele yenu kwa miguu yangu miwili. Nimeombwa nieleze jinsi goti langu la kushoto lilivyopona, kwa sababu wapo wenzetu waliolala hospitali wanaodhani mambo yao yamekwisha. Nasema mapema kwamba napenda kujisifu. Nikijisifu mnivumilie, nikijilaumu mniamini.

Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa kambi. Nilifanya kazi na Bwana Miti, Mwingereza aliyesimamia misitu, tukizunguka Muleba na mahema wiki mbili mbili, tukihesabu miti na kuitia alama. Mimi nilikata kuni, nikachonga nguzo za mahema na kuondoa miti iliyoanguka njiani ili gari lipite. Nilitumia shoka na panga, na nilikuwa na nguvu za kutosha mimi na jirani. Tena nilikuwa mchumba wa mtu. Paskazia, binti wa Mzee Ishengoma wa Kagoma, alikuwa amenikubali. Lilibaki jambo moja tu, baada ya mavuno ya kahawa, niende nyumbani kwao nikapige magoti mbele ya baba yake na kumsalimia, ukoo wote ukiona. Nilikuwa na furaha sana siku zile, hata ugali wa kambini ulikuwa mtamu.

Ndipo Bwana Miti akasikia habari za misumeno ya petroli. Tukaenda Bukoba mjini kwa Fundi Saidi, mtu ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye hapakuwa na mashine asiyoielewa. Alikuwa nayo miwili, mkubwa na mdogo.

"Wewe ndiye utakayeubeba," Bwana Miti akaniambia. "Chagua."

"Chukua mdogo," Saidi akasema. "Kambini unakata kuni na nguzo. Huu mkubwa ni wa watu wanaoangusha mivule."

"Huo mdogo si wa kumenyea ndizi?" nikamjibu.

"Haya, ushike mkubwa, unyooshe mikono, kisha tuzungumze."

Nikaushika. Mikono ikatetemeka, nikasema ni baridi ya asubuhi. Nikachagua mkubwa. Ukweli ni kwamba niliwaza jinsi nitakavyoonekana Kagoma nimeubeba begani.

Saidi alinifundisha siku mbili. Alinikataza kuvaa kanzu au nguo yoyote inayoning'inia. Alinitaka nivae buti, nishike kwa mikono miwili, nisimame kando, nisitie petroli mashine ikiwa ya moto. Alinionyesha ncha ya lile bapa refu la chuma ambalo mnyororo unalizunguka. "Hii ndiyo pua yake, na pua ndiyo mbaya. Ikigusa kitu usichokiona, inaruka na kukurudia. Na mtu akikusemesha, zima kwanza. Hata akiwa nani." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku naangalia saa.

Safari ya tatu tulipiga kambi Kagoma yenyewe. Yapata saa nne asubuhi nilikuwa nakata mti uliolala njiani, karibu na mahema. Nikahisi mtu nyuma yangu. Nikatupa jicho, nikamwona Mzee Ishengoma katika kanzu nyeupe, na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, mkononi, amekuja kutukaribisha.

Sasa fikirieni wenyewe. Baba mkwe amesimama, nami nimempa mgongo! Jambo kama hilo lingefika hadi Kitendaguro kule Bukoba kabla ya chakula cha mchana. Nikageuka upesi. Sikuzima. Nikaachia mkono wa kushoto ili nivue kofia, nikakunja goti kidogo, nikapaza sauti kwa kumwita baba kwa Kihaya, "Shikamoo, tata!" Hakusikia kitu, kwa sababu mashine ilikuwa inanguruma. Nami sikuiona pua ndefu ya msumeno ilipogusa tawi.

Uliruka, ukapinduka, ukanishukia juu ya goti la kushoto. Sikusikia maumivu mwanzoni, nilisikia moto. Suruali ilikuwa imechanika na nyama imechanika pamoja nayo, na ndani nikaona kitu cheupe. Nikadhani ni unga wa mbao, nikataka kukipangusa. Kilikuwa mfupa. Buti likajaa damu, nikawa naisikia vidoleni, ya uvuguvugu. Mzee Ishengoma akatupa kibuyu, akapiga magoti matopeni na kanzu yake nyeupe, akalibana paja langu kwa mikono miwili. Bwana Miti akalifunga kwa kitambaa cha meza, wakanipakia garini.

Katika hospitali ya misheni nilishonwa. Siku ya nne jeraha likavimba, likatoa usaha wa kijani na harufu iliyonifanya nigeuze uso nisijinuse. Homa ikapanda. Daktari akasema, "Tutajaribu sindano za penisilini. Zikishindwa, tutaukata mguu." Nililia. Sioni haya kusema, nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akanipa mto wake.

Mzee Ishengoma alikuja kila Jumapili na kukaa kando ya kitanda. Jumapili moja akatamka, "Mimi ndiye niliyekukata, Laurenti. Ningepita njia ya juu."

"Hapana, tata. Nilijikata mwenyewe, tena kwa adabu."

Akataka kucheka, akashindwa, akatazama dirishani. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia mimi.

Sindano zilifanya kazi. Homa ikashuka, nyama ikaanza kuota, nyekundu na safi. Lakini goti lilikuwa kama limepigiwa misumari. Sista aliyenihudumia akasema wazi, "Utatembea. Kulikunja sijui. Inategemea utavumilia maumivu kiasi gani."

Kwetu nyumbani baba mdogo akashauri ndugu yangu apige magoti kwa niaba yangu siku ya salamu. Nikamwambia basi na aoe yeye. Kila asubuhi Mama alinipeleka shambani, kwenye migomba, ambako ardhi imefunikwa nyasi na ni laini. Nilishika nguzo inayoegemeza mkungu, nikajishusha taratibu mpaka machozi yatoke. "Leo umefika wapi?" Mama akauliza. Nikamwonyesha kwa kidole pale nilipofika kwenye nguzo, naye akachonga alama hapo kwa kisu. Alama zilikuwa zikishuka, nyingine kwa upana wa ukucha tu.

Mavuno yakaisha, siku ikafika. Sebule ya Mzee Ishengoma ilitandikwa nyasi mpya zenye harufu nzuri, na ukoo wote ulijipanga ukutani. Nikaanza kushuka. Goti likalia kwa sauti, shangazi mmoja akashtuka, jasho likanitiririka. Nikafika chini. Magoti yote mawili! "Shikamoo, tata," nikasema.

Kuinuka sikuweza. Mzee Ishengoma akaona. Akatoka kitini, jambo ambalo baba mkwe halifanyi, akanishika makwapani na kuninyanyua. "Inuka, mwanangu," akasema. "Salamu yako niliiona siku ile ile kambini."

Paskazia ni mke wangu sasa. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari na yule sista, na mama yangu na kisu chake. Wewe uliyelala kitandani, usipime wiki, pima ukucha. Na ninyi mnaokwenda kupiga kambi na misumeno hii, chukueni ule ambao mikono yenu inauweza, siyo ule ambao macho ya watu yanaupenda. Itazameni pua yake. Msikate mkiwa peke yenu, maana mimi nilipona kwa mikono ya wengine.

Nimerudi kazini, na ninatumia ule mdogo. Saidi ananiita fundi wa ndizi, nami namwacha aseme. Baba mkwe akipita msituni husimama mbali, juu ya kichuguu, ananyoosha fimbo yake hewani na kungoja. Nikimwona, ninazima. Ninauweka msumeno chini, ninangoja mnyororo usimame kabisa, ninavua kofia. Kisha ninapanda hadi alipo na kumsalimia kwa sauti ya kawaida, naye ananisikia.