Minani Alivyotuongoza Bila Kupanda Mti

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, na tangu niliposikia kwamba vijana wenzako pale Kasulu mjini wamekuchagua uongoze karakana yenu ya vifaa vya umeme wa jua, imekuwa ikinijia kila asubuhi ninapokunywa uji. Mama yako ameniambia una wasiwasi. Anasema baadhi ya unaowaongoza wanajua kompyuta kuliko wewe, wengine wanafanyia kazi majumbani kwao huko Kibondo wala huwaoni, na wengine hawapendi kuamrishwa. Unajiuliza utawaongozaje. Basi kaa hapa karibu nikusimulie, maana mimi baba yako mkubwa nilikabidhiwa watu nikiwa bado kijana, na kazi yetu ilikuwa inabadilika mbele ya macho yetu kama inavyobadilika yenu.

Tulikuwa warina asali kule Kagerankanda. Mizinga yetu ilikuwa ya magogo, tukiitundika juu kabisa kwenye miti mirefu ya msituni. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Gwasa, mtu mrefu, mkimya, mwenye mikono migumu kama gome. Alikuwa kiongozi kwa sababu moja tu: hakuna aliyepanda juu kuliko yeye. Alisema, tukatenda. Hatukumuuliza swali, na wala hatukuona ubaya, kwa sababu hata yeye alifundishwa hivyo. Tulimwogopa na tulimpenda pia, usidhani namsema vibaya.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa Minani. Wazazi wake walitoka Burundi wakiwa na yeye mgongoni, wakapata shamba jirani na letu, tukakua pamoja. Alikuwa mcheshi, hodari wa kupanda, na mimi nilidhani ndiye atakayekuja kumrithi mzee. Asubuhi moja kamba yake ilikatika akiwa juu ya mninga. Alianguka mbele yangu. Mguu uliunga vibaya, na tangu hapo alitembea kwa fimbo.

Alipopata nafuu alikuja kwenye kikao chetu, akakaa mwisho wa benchi. Mzee Gwasa alimpa pole kwa moyo kabisa, kisha akasema sheria ya warina asali ilikuwepo kabla yake: asiyepanda mti hana fungu. Minani aliinuka, akaenda zake taratibu, nasi tukamtazama mgongo. Mkewe alikuwa mjamzito.

Mvua zilizofuata hazijaisha, Mzee Gwasa naye magoti yakamkataa. Akaitisha kikao, akavua kamba yake begani, akasema tuchague mwingine. Wakanichagua mimi. Na hiyo ndiyo siku ninayokuambia.

Nilisimama mbele yao. Walitegemea niwapangie miti, nani apande upi. Badala yake niliwauliza: "Ninyi mnaonaje kazi yetu? Nini kinatuumiza?"

Walitazamana. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Mzee Gwasa, aliyekuwa amekaa pembeni, akakohoa.

"Kijana wangu," akasema, "kiongozi akianza kuuliza, watu watajua hajui. Utawapoteza."

"Baba," nikamjibu, na nilimwita baba kwa heshima yote, "sijui kweli. Ninachojua ni kwamba Minani alikuwa mtu wetu, na leo hayupo. Siwezi kuanza kuongoza huku nimemwacha nyumbani."

Akatikisa kichwa, akajifunika koti lake. Wengine wakanung'unika. Nami nikatoka pale moja kwa moja hadi kwa Minani. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Tuliamkiana kwa Kiha, tukipiga makofi taratibu kama desturi, kisha nikamuuliza kama angerudi.

"Nirudi kufanya nini?" akasema. "Kuwashikia kamba?"

"Niambie wewe. Umekuwa umekaa hapa muda mrefu. Umewaza nini?"

Aliweka gunzi chini. Halafu akaniambia kwamba bwana nyuki, yule mtumishi wa serikali anayefundisha ufugaji wa nyuki, aliwahi kupita akionyesha mizinga ya masanduku inayowekwa chini juu ya vigingi. Sisi tuliicheka, tukaiita makazi ya panya. Minani hakucheka. Alitaka kuijaribu kando ya msitu, mahali mtu mwenye mguu mmoja mzima anaweza kufika.

Mwanangu, hilo lilinigharimu. Wanaume kadhaa walijitoa siku hiyohiyo, wakasema mimi nafanya urina asali uwe kazi ya kitoto. Waliobaki walibaki kwa kunionea huruma. Tulichonga masanduku, tukayapaka nta ndani, tukayapanga pale Minani alipotuelekeza. Kisha tukangoja. Nyuki hawaingii kwa kuamriwa. Kila nilipopita sokoni nilisikia watu wakinong'ona, na usingizi wangu ulikuwa mwepesi. Kama masanduku yangebaki matupu, kikundi kingekufa mikononi mwangu.

Nyuki waliingia. Sitasahau sura ya Minani aliponipeleka kuyaona. Aliegemea fimbo yake, nyuki wanapita kichwani kwake kuingia sandukuni, akacheka kile kicheko chake cha zamani. Asali ilipotoka ilikuwa safi, haina majivu ya mienge wala watoto wa nyuki. Mkewe akaomba kujiunga, kisha wanawake wengine, watu ambao miti mirefu ilikuwa imewafungia mlango. Kazi ya masanduku nilimwachia Minani. Nikifika pale nilikuwa chini yake; aliniambia shika hiki, nikashika. Watu walipoona kiongozi wao anaelekezwa na hapungui kitu, wao nao wakaanza kusema waliyoyajua.

Kisha siku moja mchana, tukiwa tunakamua masega, tukamwona Mzee Gwasa anakuja. Sasa naye alitembea kwa fimbo. Alisimama mbele ya Minani, si mbele yangu.

"Minani," akasema, "mimi nilikutoa. Na leo mimi mwenyewe sipandi. Je, kuna kazi ya mtu kama mimi hapa?"

Minani alimvutia kigoda. "Mzee, hakuna anayejua kama wewe ni mti upi unachanua lini. Kaa utufundishe."

Yule mzee akakaa. Akatufundisha maua ya msitu mzima, jambo ambalo enzi za uongozi wake alilificha moyoni kama siri ya cheo. Naye akawaambia waliokuwepo kwamba laiti angejua kufundisha kunampa mtu heshima hivi, angeanza mapema. Mwanangu, nimeona mengi ya kujivunia, lakini sijaona jambo kubwa kuliko mzee yule mwenye jina lake kukubali kujifunza upya mbele ya watu aliowaamrisha. Hadi leo nikitaja kikundi chetu, kifua kinanijaa.

Kwa hiyo usiogope kwamba vijana wako wanajua usichokijua. Kazi zinazokuja zitakuwa hivyo kila siku. Leo simu, kesho mashine ambayo mimi sitaiona. Ukitaka uwe wa kwanza kwa kila kitu utachoka, na utawafukuza wenye ujuzi. Waulize, kisha ulifanyie kazi jibu lao, maana kuuliza bila kusikia ni dharau. Aliye Kibondo usimpime kwa kukaa machoni pako. Mpime kwa kazi aliyoimaliza. Na kazi ikibadilika, kabla ya kumwambia mtu kwamba hana nafasi tena, keti naye umsikilize ana nini kingine. Unachokijua kigawe ungali na nguvu. Na siku ya kukosea, sema umekosea, wakusikie.

Haya, nenda, wenzako wanakungoja. Mungu wa baba zetu akupe moyo mpana na ulimi mpole. Wanaofanya kazi nawe wakutaje vizuri hata usipokuwepo. Mimi nimekubariki, na ninajivunia kwamba wewe ni wa nyumba hii.